Baiskeli ya Changarawe Katika Bonde la Mosel: Yanayosemwa Nairobi na Yaliyo Kweli

Miongoni mwa waendesha baiskeli wa Nairobi, wale ambao Jumamosi alfajiri huonekana wakielekea Ngong, Kikuyu au mashamba ya chai ya Tigoni, mabonde ya mizabibu ya Ulaya yamekuwa gumzo la kawaida, na bonde la mto Mosel nchini Ujerumani halikosi kutajwa. Mto huo huanzia katika milima ya Vosges nchini Ufaransa, hupita mpakani mwa Luxemburg na Ujerumani, kisha hujipindapinda kati ya nyanda za juu za Eifel upande wa kaskazini na za Hunsrück upande wa kusini, hadi unapoungana na Rhein mjini Koblenz baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 544. Gumzo hilo ni jema, lakini limebeba mambo mengi yasiyo sahihi, na kwa maoni yangu mengi kati yake yana chanzo kimoja: watu huliona bonde kupitia picha zilizopigwa kutoka mtoni, ambamo mteremko wa mizabibu ni pambo la nyuma tu. Kwa mwenye baiskeli ya changarawe, yaani ile iliyotengenezwa kwa ajili ya njia zisizo na lami, mteremko huo ndio safari yenyewe.

"Njia inafuata mto, kwa hiyo ni tambarare"

Dhana hii ina nusu ya ukweli ndani yake, na ndiyo maana haifi. Ipo njia ya baiskeli inayoufuata Mosel kutoka Perl, kijiji kilicho mpakani, hadi Koblenz, na sehemu yake kubwa ni ya lami au zege laini. Kati ya Trier na Koblenz mto husafiri karibu kilomita 190, ingawa ndege arukaye moja kwa moja angemaliza safari hiyo kwa takriban nusu ya umbali huo, na katika mizunguko yote hiyo maji hushuka kwa mita zipatazo 60 tu. Tena, mto ulijengewa mabwawa yenye malango ya kupitishia meli katika kazi kubwa iliyokamilika mwaka 1964, hivyo mahali pengi maji yake huonekana kama yamesimama. Anayebaki kwenye njia hiyo anaweza kwenda na mzee wa miaka 70 au mtoto wa shule, kwa baiskeli yoyote yenye breki nzima. Mtu huyo, hata hivyo, hahitaji baiskeli ya changarawe, na sioni sababu ya kusafirisha moja kutoka Nairobi kwa ajili ya lami.

Nusu ya pili ya ukweli huanza pale unapogeuza usukani na kuupa mto kisogo. Mosel haukupita kati ya milima iliyokuwapo. Ulichimba bonde lake ndani ya uwanda wa juu, kwa hiyo ukingo wa bonde uko mita 200 hadi 300 juu ya maji na hakuna mwinuko wa polepole wa kukuandaa. Daraja la barabara kuu lililofunguliwa karibu na Ürzig mnamo Novemba 2019 linatoa kipimo kizuri: lina urefu wa kilomita 1.7, nalo hupita takriban mita 160 juu ya mto, na baada ya daraja ardhi ya Hunsrück huendelea kupanda hadi kilele cha Erbeskopf chenye mita 816. Kwenye ramani, mzunguko wa kilomita 60 unaopanda ukingoni mara nne huonekana kama kazi ya asubuhi moja. Ukiuhesabu, una mita 800 hadi 1,200 za kupanda, na hutaona mlima hata mmoja wa kuulaumu.

Wapo pia wanaoogopa kupita kiasi, kwa kuwa wamesoma habari za Calmont, shamba la mizabibu lililo karibu na kijiji cha Bremm ambalo husifiwa kuwa lenye mteremko mkali kuliko yote barani Ulaya, wakakuta humo nambari 65 na kudhani kwamba ni asilimia ya barabara. Nambari hiyo ni nyuzi. Mteremko wa nyuzi 45 ni sawa na asilimia 100, ilhali barabara yenye mwinuko wa asilimia 15, ambayo humtoa jasho kila mpanda baiskeli, haifiki nyuzi tisa. Hakuna anayeendesha baiskeli katikati ya Calmont. Njia inayokatiza pale ni ya watembea kwa miguu, ina ngazi za chuma na kamba za waya za kushikilia, na wakulima wenyewe hupanda kwa vigari vidogo vinavyotambaa juu ya reli moja yenye meno. Barabara za matrekta zinazopanda sehemu nyingine za bonde ni kali, lakini zilichorwa ili mashine ipite, na penye mashine kupita baiskeli nayo hupita, mradi gia ziruhusu.

"Walipanda mteremkoni kwa sababu ardhi ni haba"

Huenda msomaji akaona kwamba jambo hili ni la kilimo na halimhusu mwenye baiskeli. Linamhusu sana, kwa sababu anayejua kwa nini mizabibu iko ilipo anaweza kusoma bonde zima kabla ya kufungua ramani. Mosel iko karibu na nyuzi 50 kaskazini mwa ikweta. Mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Septemba, jua la adhuhuri linapokuwa karibu utosini mwa mtu aliyesimama Uhuru Park, kule halipandi zaidi ya nyuzi 40 hivi juu ya upeo. Shamba tambarare hupokea miale hiyo ikiwa imelala. Mteremko mkali unaoelekea kusini huipokea ikiwa inaugonga wima. Juu ya hayo, udongo wa pale umejaa sleti, mwamba wa rangi ya kijivu unaopasuka vipande bapa, ambao hushika joto la mchana na kulirudisha usiku. Bila mambo hayo mawili, zabibu za aina ya Riesling, zinazochukua zaidi ya nusu ya mashamba ya eneo hilo, zingepata shida kuiva.

Matokeo yake ni kwamba mto unapopinda, mizabibu huhama kutoka ukingo mmoja hadi mwingine ikilifuata jua, na ukingo unaobaki kivulini huachiwa msitu. Msafiri mwenye busara hupanda upande wa mizabibu asubuhi na mapema, kisha hutafuta upande wa msitu wakati wa alasiri. Wanaosema kwamba Mwafrika hawezi kuona joto Ulaya hawajawahi kusukuma baiskeli saa tisa alasiri ya mwezi Julai katikati ya mawe meusi yaliyochomwa na jua tangu alfajiri. Mwezi Juni, isitoshe, mchana wa huko huzidi saa 16, nalo jua huzama baada ya saa tatu na nusu usiku. Mtu aliyezoea giza la Nairobi linaloingia saa kumi na mbili na nusu jioni hujikuta akiendelea kuendesha akidhani ni mapema, mpaka miguu imkumbushe.

Tofauti na Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, Mosel huvuna mara moja tu, mwezi Septemba na Oktoba. Ndipo barabara hizo za matrekta hujaa matrekta kwelikweli.

"Njia za shambani zote ni changarawe"

Hapa ndipo wengi hukatishwa tamaa. Katika karne ya 20 serikali ya Ujerumani ilipanga upya vipande vya mashamba katika maeneo mengi ya mizabibu, ikaunganisha vishamba vilivyotawanyika na kujenga barabara za kuvifikia, na nyingi kati ya hizo ziliwekwa lami au zege ili zisichukuliwe na mvua. Anayetarajia kusikia changarawe ikilia chini ya matairi kuanzia mlango wa hoteli atasikia zege kwanza, kisha zege tena, na pengine kipande cha nyasi chenye mistari miwili ya magurudumu.

Changarawe halisi iko juu, msituni. Misitu ya Hunsrück na Eifel ina mtandao mkubwa wa barabara za malori ya mbao, zilizotandazwa mawe yaliyosagwa na kushindiliwa, pana na zenye mwinuko wa wastani, na hizo ndizo zinazofanana na njia njema za mashamba ya chai ya Limuru wakati wa kiangazi. Sheria ya misitu ya jimbo la Rhineland-Palatinate inaruhusu baiskeli katika barabara na njia za msituni, wala hairuhusu kukata kona kati ya miti. Kwa hiyo ratiba nzuri ya siku hutumia mto kwa kuunganisha vijiji, zege kwa kupandia, na msitu kwa kufurahia. Anayetaka kupata urefu bila kuteseka anaweza kutumia njia ya reli ya zamani inayounganisha Daun, huko juu Eifel, na Bernkastel-Kues kando ya mto: ni kilomita 58 hivi, ina mahandaki na madaraja ya kale, na kwa kuwa garimoshi halikuweza kupanda mwinuko mkali, njia hiyo nayo haina mwinuko mkali. Ni ya lami, nakiri, lakini inaitunza miguu.

Kati ya zege na msitu kuna vipande vya njia vilivyojaa vigae vya sleti vilivyolegea. Sleti haifanani na udongo mwekundu wa Kikuyu, ambao mvua ikinyesha hunata kwenye fremu mpaka gurudumu ligome kuzunguka. Yenyewe hainati, huteleza, na makali yake hukata ubavu wa tairi.

"Sisi tumezoea mwinuko, watu wa tambarare ndio watakaohema"

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ni kweli kwamba mwili unaoishi hapa hutengeneza damu yenye uwezo mkubwa zaidi wa kubeba oksijeni. Ni kweli pia kwamba kando ya Mosel, mita 100 hivi juu ya bahari, kila pumzi huwa na oksijeni zaidi kwa kiasi cha moja ya tano hivi. Mgeni kutoka Nairobi atajisikia vizuri siku za kwanza. Kosa ni kudhani kwamba mapafu ndiyo yatakayoamua safari, ilhali kinachoamua kwenye barabara fupi zenye mwinuko wa asilimia 15 au 20 ni meno ya gia.

Hebu tufanye hesabu. Mtu wa kilo 75, baiskeli ya kilo 10 na mizigo ya kilo 5 hufanya kilo 90. Kwenye mwinuko wa asilimia 15, kuuinua uzito huo kwa gia ya mbele yenye meno 40 na ya nyuma yenye meno 36, huku pedali zikizunguka mara 60 kwa dakika, kunahitaji nguvu ya takriban wati 310, kabla hata ya kuhesabu ukinzani wa matairi. Hiyo ni nguvu ambayo watu wachache wasio wanariadha wanaweza kuidumisha kwa robo saa. Badilisha gia ya mbele iwe ya meno 30 na ya nyuma 42, na mzunguko uleule wa pedali utahitaji wati 200 hivi. Mwendo hushuka hadi kilomita tano na nusu kwa saa, lakini mtu hufika juu akiwa bado anaweza kuongea. Baiskeli nyingi zinazouzwa kwa ajili ya mashindano huja na gia za aina ya kwanza. Fundi mzuri wa Nairobi anaweza kubadilisha, na kama kuna fedha ya jambo moja tu kabla ya safari, mimi ningeiweka hapo, wala si kwenye fremu nyepesi, kwa kuwa kilo moja iliyopunguzwa katika kilo 90 huokoa chini ya wati nne katika hesabu hiyohiyo.

Mazoezi yenyewe hayahitaji kwenda mbali. Njia ya juu ya vilima vya Ngong, inayopanda na kushuka kutoka kilele hadi kilele kupita mitambo ya umeme wa upepo, inafundisha kupanda ghafla kwa gia ndogo vizuri zaidi kuliko safari ndefu ya Thika Road. Wala mchezo huu usihesabiwe kuwa wa wageni: tangu mwaka 2021 mbio za Migration Gravel Race hufanyika katika eneo la Maasai Mara, na waendeshaji wa Afrika Mashariki wa Team Amani wamekwisha kushindana kwenye changarawe za Ulaya na Marekani.

"Upepo mwingi kwenye tairi ndio mwendo"

Hii ni imani ya zamani, na vituo vya petroli vya Nairobi vimeikuza, kwa kuwa kijana wa pampu akiambiwa ajaze hujaza mpaka tairi liwe jiwe. Kwenye lami laini tairi gumu halina hasara kubwa. Kwenye mawe, tairi gumu hurushwa juu kila linapogonga kigae, na kila mrusho ni nguvu ya miguu iliyopotea katika kuinua baiskeli na mtu badala ya kuwasogeza mbele; tairi laini hujibonyeza, likalimeza jiwe na kuendelea. Kwa tairi la upana wa milimita 40 hadi 45, mtu wa uzito wa wastani huhitaji kati ya psi 30 na 40, na wepesi zaidi huhitaji pungufu. Wenye tyubu waongeze kidogo, kwa kuwa tyubu ikibanwa kati ya jiwe na ukingo wa gurudumu hutoboka mahali pawili kwa pamoja. Wasiotumia tyubu humwaga ndani ya tairi maji ya gundi yanayoziba matundu madogo yenyewe, na huo ndio utaratibu ninaoupendelea. Ila gundi hiyo haizibi mkato mrefu wa sleti kwenye ubavu, kwa hiyo kipande cha mpira mgumu cha kuwekea ndani na tyubu moja ya akiba visikose mfukoni.

Upana nao hueleweka vibaya. Wapo wanaosema kwamba baiskeli ya milimani yenye springi ingefaa zaidi, na kwa njia nyembamba za mizizi na mawe makubwa wako sahihi. Kwa barabara za malori msituni na kilomita nyingi za lami kando ya mto, springi ni uzito usio na kazi.

"Kazi ni kupanda, kushuka ni mapumziko"

Kati ya dhana zote, hii ndiyo inayovunja mifupa. Kilo 90 zilizopandishwa mita 300 hubeba nishati ya kilojuli 265 hivi, na wakati wa kushuka nishati hiyo yote lazima iende mahali fulani. Kwenye barabara ndefu iliyonyooka sehemu kubwa humezwa na hewa. Kwenye barabara ya matrekta yenye kona za kurudi nyuma kila baada ya mita 100, hewa haina nafasi ya kusaidia, na karibu yote huingia kwenye breki kama joto, kiasi ambacho kingetosha kuchemsha robo tatu ya lita ya maji kwa ajili ya chai. Pedi za breki za sahani ambazo Nairobi hudumu kwa miezi zinaweza kwisha katika wiki moja ya mvua, na pedi zilizopashwa joto kupita kiasi hupoteza uwezo wa kushika pale hasa unapouhitaji. Namna iliyo salama ni kufunga breki kwa nguvu kabla ya kona na kuziachia kabisa baada yake, badala ya kuzibana kidogokidogo njia nzima, na kusimama mara moja moja ili zipoe.

Zege lenye majani mabichi ya vuli huteleza kuliko changarawe, na nyuma ya kona kunaweza kuwa na trekta linalochukua upana wote wa njia, pasipo ukingo wa kuzuia mtu upande wa bondeni. Kenya inalijua jambo hili kwa uchungu: Suleiman Kangangi, aliyekuwa nahodha wa Team Amani, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mbio za changarawe za Vermont, Marekani, naye alikuwa mtaalamu wa kazi yake.

"Mashamba ni wazi na mvinyo ni sehemu ya safari"

Mashamba hayana ua, na kutokuwapo kwa ua humfanya mgeni adhani kwamba yuko katika bustani ya umma. Barabara zile zipo kwa ajili ya kazi. Trekta lina haki ya kwanza na mwenye baiskeli ndiye anayeshuka na kusubiri; vibao vinavyozuia njia hufuatwa hata kama hakuna mtu anayeonekana; na kuchuma kichala kimoja ni wizi, hata kiwe kinaning'inia usawa wa usukani. Katika miteremko mikali dawa za kuzuia ukungu bado hupuliziwa kwa helikopta, na njia zilizo chini yake hufungwa kwa muda. Kusubiri nusu saa kwenye kivuli si adhabu.

Kuhusu mvinyo, nitasema wazi kwamba sikubaliani na wanaouona kama kinywaji cha njiani. Kileo huzidisha mkojo na hivyo hupunguza maji mwilini, huchelewesha mkono kufika kwenye breki, na hakina faida ya wanga inayodhaniwa: mvinyo mkavu, ambao chupa yake huandikwa trocken, una sukari kidogo sana, nayo kalori za kileo hupitia kwenye ini bila kuipa misuli inachokihitaji kwenye kilima. Sheria nayo haimwachi mwendesha baiskeli kama wengi wanavyodhani. Anayekutwa na gramu 1.6 za kileo katika kila kilo ya damu ametenda kosa la jinai hata kama alikuwa akienda sawasawa, na kuanzia gramu 0.3 anaweza kushtakiwa iwapo amesababisha ajali au ameonekana akiyumba. Aliyekuwa akiikwepa alkoblo, kipimo cha kileo cha polisi wa Nairobi, kwa kupanda baiskeli hatapata nafuu hiyo huko.

Jioni, baiskeli ikiwa imefungwa, ni jambo lingine. Hata hapo ipo dhana nyingine ndogo, kwamba kila mkulima hufungulia wageni wakati wowote. Vilabu vya wakulima, viitwavyo Straußwirtschaft, huruhusiwa kuuza mvinyo wa shamba lenyewe pamoja na chakula chepesi bila leseni ya kawaida ya mkahawa, lakini kwa jumla ya miezi minne tu kwa mwaka na kwa viti visivyozidi 40, kwa hiyo ni kawaida kukuta mlango umefungwa. Asiyekunywa kabisa, kwa dini au kwa hiari, hatakaa bila kitu mezani: juisi ya zabibu zilezile hutengenezwa na wakulima walewale, nayo ina sukari ambayo mpanda kilima anaihitaji kweli.

Mengine ambayo husemwa kwa haraka

Husemwa kwamba Ulaya iliyoendelea haiwezi kukosa duka. Jumapili maduka ya Ujerumani hufungwa kwa mujibu wa sheria, isipokuwa machache kama vile maduka ya mikate yanayofungua saa chache za asubuhi, na vijiji vingi vya juu Hunsrück havina duka hata siku za kazi. Mtu aliyezoea kukuta kibanda cha soda na ndizi kila baada ya kilomita mbili ajaze mifuko yake Jumamosi. Bomba lenye maandishi Kein Trinkwasser si la maji ya kunywa, hata yakiwa maangavu namna gani.

Husemwa pia kwamba ukichoka utapanda treni popote, kwa kuwa reli inafuata mto. Reli ya Koblenz hadi Trier, iliyofunguliwa mwaka 1879, hufuata mto hadi Cochem, kisha huingia katika handaki la kilomita 4.2 na kuyaruka mapinduko ya mto yenye kilomita zaidi ya 20, hutokea Eller, hufika Bullay na baada ya hapo huuacha mto na kupitia Wittlich. Tawi dogo hutoka Bullay hadi Traben-Trarbach. Kutoka hapo kwenda juu, kupita Bernkastel-Kues hadi karibu na Trier, hakuna reli kando ya maji, na aliyevunjikiwa na mnyororo huko atatafuta basi au atatembea.

La mwisho ni la viza, ambalo ndilo huulizwa kwanza. Wapo wanaodhani kwamba kuvuka kutoka Ujerumani kwenda Luxemburg au Ufaransa kwa baiskeli kunahitaji viza nyingine. Viza ya Schengen inayobandikwa katika pasipoti ya Mkenya ina jina la kijiji cha mizabibu kilicho kwenye mto huohuo, upande wa Luxemburg, mkabala na Perl. Mkataba wenyewe ulitiwa saini tarehe 14 Juni 1985 ndani ya meli iliyokuwa imetia nanga pale. Kwa hiyo viza moja inatosha kwa nchi zote tatu ambazo mto unazigusa, hata ikiwa ni ya kuingia mara moja tu, ndani ya kikomo cha siku 90 katika kila siku 180 na tarehe zilizoandikwa juu yake. Ila Septemba 2024 Ujerumani ilirudisha ukaguzi katika mipaka yake yote ya nchi kavu, na anayevuka daraja la Schengen kwenda kunywa kahawa upande wa pili anapaswa kuwa na pasipoti yenyewe mfukoni, kwa kuwa picha ya pasipoti iliyo kwenye simu haihesabiwi.